Mjadala: "Chai" ya ofisini tuiite rushwa, au neno limeshakomaa?

Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu. Juzi kijiweni kwetu Magomeni tumebishana mpaka kahawa ikapoa, nikasema hili nililete hapa. Mwalimu mmoja mstaafu anataka magazeti na redio waache kabisa kuita rushwa "chai". Anasema jina tamu linafunika kosa. Muuza kahawa mwenyewe akamjibu kwamba lugha haina polisi, watu wakisema chai basi ni chai.

Mimi niko upande wa mwalimu, ila sababu yangu siyo yake.

Tuanze na neno lenyewe. Wachina wana alama moja tu ya maandishi kwa chai, ila matamshi yao yanapishana. Watu wa pwani ya Fujian husema "te". Guangzhou na sehemu kubwa ya China husema "cha". Waholanzi walinunua majani kwa watu wa "te", wakayapeleka Ulaya pamoja na jina, ndiyo Waingereza wana "tea" na Wafaransa "thé". Wareno walikaa Macau penye "cha", na mpaka leo wanasema "chá". Kwa Waajemi ikawa "chay", na umbo hilo utalikuta kwa Warusi, Waturuki na Wahindi. Waarabu hawana sauti ya "ch" wakasema "shay". Sisi tukaangukia upande wa chai. Ukivuka Mto Songwe ukaingia Malawi, unakuta wanasema "tiyi", maana wao waliletewa na Waingereza. Majani ni yaleyale yanayochumwa Rungwe, jina limebadilika hapo darajani tu.

Sasa kilichonishtua ni maana ya pili, ile ya mkononi. India mtu akikuomba "chai-pani", yaani chai na maji, mara nyingi hana kiu. Thailand wana "pesa ya maji ya chai". Warusi bakhshishi wanaiita pesa "ya chai". Na pale ambapo chai si kinywaji cha mjini, wanatumia kinywaji chao: kwa Wafaransa hongo ni "pot-de-vin", jagi la mvinyo. Angola askari anaomba "gasosa", yaani soda. Kinshasa wanasema "madesu ya bana", maharage ya watoto, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kumwingiza mtoto kwenye dhambi yako. Wamexico angalau hawana unafiki, wao wanaita "mordida": kung'atwa.

Kwa nini vinywaji na vyakula? Jibu nililipata kwa shangazi yangu wa Lushoto. Nilimsindikiza ofisi moja hapa Dar, siitaji, kufuatilia nakala ya hati ya marehemu mume wake. Karani akapekua mafaili bila kutazama, kisha akasema kwa upole kabisa, "Mama, toka asubuhi hatujanywa hata chai." Shangazi akashtuka kwa huruma ya kweli. Akamuuliza kijana wa mlangoni, "Mwanangu, kikombe hapa shilingi ngapi?" Mia tano. Akafungua pindo la kanga, akatoa sarafu ya mia tano, akaiweka juu ya kaunta, akaisogeza kwa kidole kimoja mpaka mbele ya karani. "Kunywa baba, usikae na njaa."

Karani hakuichukua, na hakuirudisha. Ikakaa pale.

Ndicho ninachosema, wakuu. Aliyelelewa kwetu hawezi kumnyima mtu chai. Angeombwa rushwa angejua la kujibu. Neno lile halifichi kosa kwa mwombaji, yeye anajua anachoomba. Linamfunga mdomo anayeombwa, kwa sababu kukataa kunaonekana uchoyo. Karibuni.

Mchangiaji, Tandika

Mkuu nakuheshimu, ila naona unapambana na kivuli. Mimi ni bodaboda. Nikisimamishwa barabarani silipi neno, nalipa elfu tano. Wakiiita chai, maji, vocha au "ongea vizuri", noti ni ileile. Mkifuta chai kesho watasema uji. Tena kuna chai ya kweli. Fundi akinimalizia kazi usiku nikampa ya chai, hiyo nayo mnaipeleka TAKUKURU?

Mchangiaji, Kariakoo

Ndugu wa Tandika umeuliza vizuri. Fundi amemaliza kazi yake na bei mlishapatana, unampa juu kwa hiari. Karani analipwa mshahara, kisha anaizuia kazi mpaka umpe. Kipimo changu ni kimoja: usipotoa, kazi inasimama?

Ila mtoa mada nawe, usitupe picha kwamba "rushwa" ni neno safi lenye makali ya kuzaliwa. Nilisoma Kiarabu madrasa mpaka utu uzima. Wanazuoni wa lugha wanalihusisha neno hilo na "rishaa", kamba ya ndoo ya kisimani. Maji yako chini, huyafikii kwa mkono, unatupa kamba. Ni tafsida hiyo kama chai, tofauti ni kwamba imezeeka tukaisahau. Na hongo? Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipopita Ugogo ililipa hongo kwa watemi. Ulikuwa ushuru wa njia, unalipwa mchana kweupe, vitambaa vinahesabiwa mbele ya watu. Leo hongo ni neno la mahakamani. Maneno yanaoza, na chai nayo itaoza. Mwacheni mwalimu apumzike.

Mchangiaji, Upanga

Kaka wa Kariakoo, somo zuri, lakini maneno hayaozi yenyewe, kuna watu huyaozesha au huyahifadhi. Mmesahau "takrima".

Takrima kwa Kiswahili ni ukarimu kwa mgeni, neno la heshima, ndugu yake ni "karamu" na "karimu". Mwaka 2000 Bunge likarekebisha sheria za uchaguzi: kilichotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa jadi hakitahesabiwa kuwa ni kosa kwa mgombea. Pilau, kanga na fulana zikapata hifadhi ya sheria kwa jina zuri. Asasi tatu, kikiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, zikaenda Mahakama Kuu hapa Dar es Salaam, na mwaka 2006 mahakama ikavitamka vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Moja ya hoja ilikuwa kwamba mgombea asiye na pesa hasimami sawa na mwenye nazo.

Kwa hiyo, kaka wa Tandika, neno lilikuwa na kazi kubwa tu. Lilitosha kuitwa mahakamani. Leo ukisema takrima, msikilizaji anacheka kwanza. Ukarimu wenyewe umebaki bila jina lake, na mimi hilo linanisikitisha zaidi ya chai.

Mchangiaji, Sinza

Wazee wangu shikamooni. Kwetu vijana chai siku hizi ni uongo. Mtu akisimulia kitu kisichoingia akilini tunamwambia "hiyo chai". Kwa hiyo karani akisema hajanywa chai, mimi nasikia hajadanganya mtu toka asubuhi 😂

Mtoa mada

Marahaba kijana, umetumaliza.

Dada wa Upanga, nimekubali, takrima sikuifikiria, na inanipa nguvu. Wa Kariakoo, hilo la kamba ya ndoo nimelipenda, lakini ona: tafsida iliyokufa ndiyo ninayoitaka. Mtu akisema "rushwa" leo hakuna anayeona kisima, anaona pingu. Chai bado inafuka moshi, bado ina tangawizi. Wa Tandika, noti ni ileile kweli, ila wewe barabarani unajua unalipa nini. Mwenzako wa Lushoto hakujua. Na sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 haimkamati mpokeaji peke yake, anayetoa naye ana kosa. Unataka shangazi yangu asimame kizimbani akisema alidhani kijana ana njaa?

Sitaki kamusi ifute kitu. Kamusi iandike watu wanavyosema. Nawaomba watangazaji na waandishi wakiripoti wasiandike "aliomba chai", waandike aliomba rushwa ya kiasi fulani, wataje na kiasi.

Kuna aliyeniuliza faragha kama shangazi alipata nakala yake. Aliipata, safari ya tatu, dirisha jingine, kwa dada ambaye hakuomba chochote. Siku ile ya kwanza tulikaa benchi mpaka saa tisa na nusu. Wakati wa kuondoka shangazi akageuka kutazama kaunta, sarafu bado iko pale. Akarudi, akaichukua, akaifunga tena kwenye pindo. "Hataki," akaniambia. "Labda ameshafunga swaumu."