Ushauri: nimetengeneza supagani ya kuchezea bodi za akedi nyumbani, nataka kuanza kuuza

MchomaRisasi:
Wakuu habari zenu. Nimekuja kwenu maana nimefika mahali siwezi kujisahihisha mwenyewe tena. Mwaka na nusu sasa natengeneza supagani, kwa asiyeijua ni kile kiboksi cha kuchomekea bodi ya gemu iliyotolewa kwenye mashine ya sarafu, kinaipa bodi umeme, picha inaenda kwenye TV, sauti inatoka, unachomeka pedi unacheza sebuleni bila lile kabati linalokula nusu ya chumba.

Yangu ni ya JAMMA ya kawaida, ule mpangilio wa pini za kuchomekea bodi za akedi uliotoka Japani 1985, pini 56, yaani 28 kila upande. Pawa saplai iko ndani ya boksi, inatoa 5 V, 12 V na -5 V kwa ajili ya zile bodi za zamani ambazo bila -5 hazitoi sauti. Pedi zinaingia kwa konekta za pini 15, na nimeweka soketi ya pembeni ya batani za 4 hadi 6 maana JAMMA yenyewe inatambua tatu tu kwa kila mchezaji na mtu akichomeka Street Fighter II bila hizo za mateke hajacheza kitu. Nimejaribu bodi tisa, zote zinawaka.

Toleo la kwanza niliunguza bodi yangu mwenyewe na hadi leo inaniuma. Niliunganisha ule waya wa spika hasi na athi ya TV moja kwa moja. Muziki ukapiga kidogo, ukaanza kukoroma, nikasikia harufu, kugusa chipu ya amplifaya ikaniunguza kidole. Hiyo ni yangu, je ingekuwa ya mteja?

Watu watatu waliokuja kucheza hapa wameniomba niwauzie. Naomba mnisaidie: niuze iliyokamilika au niuze vipande mtu akachomee mwenyewe, bei nipangeje, na ni kitu gani kitanirudia baada ya kuuza?

DadaMawimbi:
Hongera sana kaka, na pole ya bodi. Kilichokuunguzia ni kwamba kwenye baadhi ya bodi waya zote mbili za spika zinasukumwa na amplifaya, huo unaoitwa hasi sio athi hata kidogo, ukiugusisha na athi unakuwa umepiga shoti upande mzima wa amplifaya. Bodi nyingine huo waya ni athi kweli, ndo maana mtu anajaribu mbili tatu anaona sawa anaamini zote ziko hivyo. Weka transfoma ndogo ya sauti katikati ili TV na bodi zisigusane kabisa, halafu upande wa bodi weka rezista ya ohm 10 ya wati kadhaa ichukue nafasi ya spika. Saa hii umeweka nini?

MchomaRisasi:
Transfoma ipo dada, tangu toleo la pili. Rezista niliweka ya nusu wati, inapata moto, naibadilisha leo.

Volti5Kamili:
Mkuu mimi nina swali moja tu, hiyo 5 V unapima wapi? Kwenye pawa saplai au kwenye bodi yenyewe?

MchomaRisasi:
Kwenye pawa saplai. Nimeiweka 5.3 maana kuna bodi moja ilikuwa inajizima na kuwaka yenyewe, nilivyopandisha ikatulia.

Volti5Kamili:
Hapo ndo penye hatari kuliko hata ile sauti. Sikiliza. Tuseme waya wako na konekta kwa pamoja vina ohm 0.1, ni kidogo sana hata mita ya kawaida haiioni vizuri. Bodi kubwa ikivuta ampia 4 unapoteza 0.4 V njiani, kwa hiyo 5.3 yako ikifika kwenye bodi ni 4.9, safi. Sasa huyo huyo mteja anachomoa, anachomeka bodi ndogo inayovuta ampia 1, inapotea 0.1 tu, bodi inapokea 5.2, na chipu nyingi za enzi hizo zimeandikiwa 4.75 hadi 5.25, umebaki ukingoni kabisa. Mwingine ataona bodi yake inasumbua atapandisha mpaka 5.5 halafu atasahau kurudisha. Dawa sio kupandisha volti, dawa ni kupunguza upotevu, waya mnene na mfupi, tumia pini zote nne za 5 V na zote nane za athi, sio moja moja. Na weka kisomeo kidogo cha volti mbele ya boksi, kisome kutoka kwenye konekta sio kutoka kwenye saplai. Mnunuzi akiona namba kila siku ataizoea na siku ikibadilika atashtuka mapema.

KonektaTu:
Naongezea la mtu kuchomeka kinyume, na litatokea, hata uandike kwa herufi nyekundu. Ukigeuza konekta pini ya 1 inakutana na mahali pa 28, ya 2 na 27, hivyo hivyo. Athi ziko ncha zote mbili kwa hiyo athi inakutana na athi, na hicho ndo kinachofanya iwe mbaya, sakiti inakamilika. Pini ya 6 yenye 12 V inaangukia 23 ambayo ni batani ya pili, na -5 inaangukia batani ya tatu. Chipu zinazosoma batani zinakufa hapo hapo. Weka kile kijiti cha kuzuia kwenye nafasi ya pini ya 7, na kwa bodi ambazo hazijakatwa mfereji wa kupokea hicho kijiti chora alama kubwa kuonyesha upande wa bodi wenye chipu unakaa wapi. Fyuzi pia, kila njia yake.

DukaDogo:
Kwenye kuuza, ushauri wangu toa ile pawa saplai nje ya boksi kabisa. Umeme wa ukutani usiingie kwenye kitu ulichochomea kwa mkono wako. Nunua saplai iliyokwisha kupimwa na kupewa alama za usalama, boksi lako lipokee volti ndogo tu, hata ukipeleka Ulaya ambako lazima kifaa kiwe na alama ya CE mzigo unapungua, hauishi lakini unapungua. Vipande vya kuchomea mwenyewe mimi singeanza navyo, mtu akichomea vibaya atakuja kukulaumu wewe. Tengeneza tano, kila moja ipe namba, ijaribu kwa bodi ile ile, piga video, ndo utume. Bodi ya mtu ikifika mbovu tayari atasema supagani yako imeiua, na bila hiyo video huna cha kujitetea. Kwenye bei hesabu saa za kujaribu na za kujibu meseji, wengi wanahesabu vifaa tu wanachoka mwezi wa pili.

DadaMawimbi:
Na uwaambie mapema kuhusu TV. Bodi inatoa picha ya RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu kila moja na waya wake, ya 15.7 kHz, TV nyingi mpya hazina hata pa kuichomeka, atahitaji kigeuzi, na hapo bado kuna gemu kama Mortal Kombat na R-Type zinazotoa picha kama 55 kwa sekunde badala ya 60, kuna TV zitakataa. Rangi zishushwe ziendane na 0.7 V kwenye ohm 75. Sinki nayo, ile ishara inayoiambia TV picha inaanzia wapi, ikitoka 5 V kamili pitisha rezista ya ohm 470 utapata karibu 0.69 upande wa pili.

MchomaRisasi:
Nimeelewa wakuu na nawashukuru kutoka moyoni. Saplai inatoka nje, naweka fyuzi, kisomeo na kijiti, natengeneza tano tu. Wale watatu nimeshawaambia wasubiri. Nimepandisha picha ya bodi mpya ya supagani yenyewe kabla sijaagiza, naomba jicho.

Volti5Kamili:
Njia ya 5 V kutoka soketi kwenda pini ya 3 na 4 ni nyembamba kama za batani. Ipanue mara tano, upande wa nyuma pia. Usiagize bado.

MchomaRisasi:
Nairudia usiku huu.