Mufindi: tukarabati madarasa ya zamani au tubomoe tujenge upya?

Mwanakijiji_Mufindi:
Kamwene wakuu. Naombeni mawazo maana Jumamosi tuna mkutano wa kijiji na lazima tutoke na jibu. Shule yetu ya msingi ni ya serikali, wazee wetu waliijenga kwa nguvu zao enzi za UPE (ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote), sa hivi jengo moja limechoka, bati zinavuja, ukuta una nyufa, mvua ikinyesha watoto wanahamia darasa la jirani wanabanana. Kundi la kwanza linasema tuezue, tupige bati mpya, tuzibe nyufa, maisha yaendelee. Kundi la pili (vijana, na wale walioko Dar kwenye grupu la WhatsApp) wanasema tubomoe tuanze msingi mpya, tukifika linta (juu ya madirisha) serikali itamalizia. Hela ipo kiasi. Nyie mngeamuaje?

FundiKenchi:
Hela ipo kiasi ndo shilingi ngapi? Madarasa mangapi? Nyufa za wima au za kupanda kama ngazi, ukuta upi? Tofali mbichi au za kuchoma? Mhandisi wa halmashauri amefika? Unaomba dawa bila kusema mgonjwa anaumwa wapi.

BintiNjombe:
Mi nipo na wanaobomoa. Jengo la UPE lina miaka zaidi ya 40, unaweka bati mpya juu ya ukuta uliochoka halafu baada ya muda mnachangishana tena. Na 2021 si tuliona, hela za UVIKO zilipokuja serikali ilijenga madarasa 15,000. Mkianza nyie watakuja kumalizia.

Msafwa_Halisi:
Dada hayo yalikuja na hela yake kamili, milioni 20 kila darasa, na 12,000 kati ya hayo yalikuwa ya sekondari. Usilinganishe na boma la wanakijiji, kuta tupu bila paa.

Ngoja niwasimulie ya kijijini kwa mama yangu, sitataja wapi. Walikuwa na jengo kama hilo, kiongozi mmoja akasimama mkutanoni akasema bomoeni, jengeni mpaka linta, bati naleta mimi. Makofi! Kesho yake nyundo. Watu wakafyatua tofali, akina mama wakabeba mchanga na maji kichwani, boma likapanda vizuri tu, mwezi wa kumi wako kwenye linta. Bati hazikuja. Mvua ya Novemba ikaanza na ikapiga ule ukuta mpaka Aprili, na kumbuka zile tofali walizijengea kwa udongo maana saruji walikuwa wanaibania, basi udongo ukawa unatoka katikati ya tofali mpaka unachungulia upande wa pili. Kiongozi akiulizwa anasema bajeti ijayo, bajeti ijayo ikafika na yeye hayupo. Mtendaji kahamishwa. Watoto muda wote huo wanasomea kanisani, kukitokea msiba wanarudishwa nyumbani. Siku hela ya kumalizia maboma inapatikana, mhandisi kaja kaugonga ukuta kwa mkono tu akasema hapa siezeki kitu. Wakabomoa mara ya pili, boma lao wenyewe.

BintiNjombe:
Hiyo ni shida ya kiongozi wenu, sio ya kubomoa.

Msafwa_Halisi:
Na wa Mufindi unamjua wewe?

Kijana_Ipogolo:
Mi sielewi kwanini mnachanga. Elimu bila malipo imeanza 2016. Na Januari 2018 Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, wote mlisikia.

Mwalimu_Mstaafu:
Kijana, alizuia walimu kuchangisha na watoto kurudishwa nyumbani. Anayetaka kuchangia kwa hiari yake aliambiwa apeleke kwa mkurugenzi. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwaka, 4,000 katika hiyo ikabaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Ile inayofika shuleni piga hesabu mwenyewe inaezeka mita ngapi. Cha muhimu mwalimu mkuu asishike hata shilingi, muhtasari wa kijiji uandikwe, risiti zitoke. Nimeona wenzangu wakiharibikiwa kazi kwa michango ambayo hata hawakuiomba.

Halafu muanzisha mada, UPE ilizinduliwa 1977. Vijiji vingi vilijenga kabla, baada ya watu kuhamishiwa vijijini na baada ya Azimio la Musoma la 1974 lililotaka watoto wote wasome shule ya msingi. Waulize wazee vizuri.

Kijana_Ipogolo:
Shikamoo mwalimu, sawa. Ila bado naona serikali inatuachia mzigo.

MamaWawili:
Wanaume mnabishana bati tu. Vyoo vikoje? Mwongozo ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Mtajenga darasa zuri na mabinti wa darasa la saba wanakaa nyumbani siku zao.

Mwanakijiji_Mufindi:
Samahani wakuu, mtandao huku ukungu ukishuka ndo basi tena. Vyoo mama vipo, ila havitoshi. Jengo ni madarasa mawili na ofisi katikati, msingi wa mawe, tofali za kuchoma. Nyufa ziko ukuta wa nyuma tu, upande wa mlima, za ngazi. Tuna milioni 6 na ushee na tofali kama 9,000. Mhandisi tumemwandikia barua.

FundiKenchi:
Ukuta wa nyuma tu, upande wa mlima! Si ungeanza na hilo. Gata hakuna, eeh?

Mwanakijiji_Mufindi:
Hakuna.

FundiKenchi:
Basi maji ya paa yanadondokea kwenye msingi na ya mlima yanashuka kukutana nayo hapohapo. Hata mkijenga jipya pale bila mtaro litapasuka vilevile. Chimbeni mtaro nyuma leo kabla ya mkutano, hauna gharama ni majembe. Bandika saruji kidogo juu ya ufa, andika tarehe, ikipasuka ujue ukuta bado unatembea. Ukiendelea kutembea vunjeni huo mmoja tu muusimamishe na nguzo za nondo. Kwa milioni 6 jengo jipya hamlioni, paa mnaweza. Chukueni geji 28, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kuna watu wanauziwa 32 wanadhani ndo kubwa. Na msipige mbao mbichi eti kwa vile msitu wa Sao Hill uko mlangoni, paini isiyokauka inapinda inavuta misumari yote.

BintiNjombe:
Mhandisi aje kwanza. Fundi hujaliona jengo.

FundiKenchi:
Sijaliona kweli, na hao wa Dar pia.

MamaWawili:
Na nguvu kazi mpange asubuhi, msimu wa ulanzi huu (pombe ya mianzi) saa sita hakuna mtu wa kushika jembe 😂

Mwanakijiji_Mufindi:
😂😂 Mama umetujulia. Mtaro naupeleka kwa mwenyekiti leo. Ila wa kubomoa wameshakodi trekta la kusomba kifusi, sijui Jumamosi itakuwaje.

Kijana_Ipogolo:
Fundi, mbao ya 2x4 ya dawa futi 12 Mafinga inaendaje sa hivi? Nna kibanda changu nataka kuezeka.

FundiKenchi:
Geji ngapi na vyumba vingapi? Nyie watu bwana. Njoo inbox.