Naomba ushauri: nitajuaje ProP inahisi nini?

Habari za kazi wakuu. Nimekwama kwenye utafiti wangu wa uzamili.

Nachunguza ProP, kisafirishi cha utando wa bakteria E. coli kinachoingiza betaini (molekuli inayoisaidia seli isipoteze maji) chumvi inapozidi nje ya seli. Aina niliyonayo haina ProU, kisafirishi kingine cha betaini. Nilianza na mchuzi wa LB wa kuoteshea bakteria, chupa zote zikachafuka sawasawa kwa bakteria kukua, zenye betaini na zisizo nayo. Wiki mbili zikapotea kabla sijagundua kuwa dondoo ya hamira tayari ina betaini! Nikahamia M9, mchuzi usio na dondoo ya hamira, wenye chumvi (NaCl) 0.6 M. Chupa yenye betaini milimola 1 ilichafuka mapema, isiyo nayo ikabaki angavu hadi kesho yake. Sukrosi badala ya chumvi ilitoa picha ileile, kwa hiyo sidhani kama ni sodiamu yenyewe.

BetP, kisafirishi cha betaini cha bakteria Corynebacterium glutamicum, ilitiwa kwenye liposomu (vifuko vidogo vya mafuta vinavyoiga utando), ikaonekana inaamshwa na potasiamu ya ndani. Sisi liposomu hatuna uwezo nazo.

Je, kwa seli nzima naweza kutenganisha athari ya potasiamu na ya utando kusinyaa? Na bila osmomita (kipimo cha nguvu ya osmosi ya mchuzi), nalinganishaje sukrosi na chumvi kwa uhakika? Aliyewahi kufanya anishike mkono, tafadhali.