Nyimbo za Siti zipigwe zilivyo au zipangwe upya? Karibuni tujadili

Mpenda Fidla: Assalaam aleikum jamaa. Juzi usiku nilikwenda Forodhani kusikiliza nyimbo za Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa zamani hapa Unguja, zilizopangwa upya: kibodi, gitaa la besi, fidla sita, waitikiaji wanane. Watu walijaa tele, lakini mie nilirudi na kinyongo. Kwetu ipo santuri moja katika zile alizokwenda kuimbia Bombay 1928. Bibi alikuwa akiweka sarafu juu ya mkono wa gramafoni ili sindano isiruke. Udi, fidla, dumbaki, basi, na kila neno unalipata. Juzi kibodi imeyameza maneno yote. Na kinamama nao kila ubeti wanapanda kutunza, kumpa mwimbaji noti mkononi, mpaka mwenyewe haonekani. Tabia ya shamba ile. Sasa nauliza: nyimbo hizi zirudishwe zilivyokuwa, au kila mtu azipange atakavyo?

Bint Malindi: Zirudishwe zilivyokuwa, sina neno la pili. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na heshima ya taarab ni mtu kukaa kitako akasikiliza. Ukianza na kibodi utaishia rusha roho, hiyo taarab ya kisasa ya kucheza. Mbona Bi Kidude wimbo wake wa Muhogo wa Jang'ombe aliuimba bila ya madoido yote hayo?

Mpiga Rika: Zilivyokuwa wapi, ndugu zangu? Upande mmoja wa santuri ile ulichukua kama dakika tatu tu. Siti nyumbani kwake Ng'ambo aliimba usiku na wapigaji wake, watu wamemzunguka, beti zinaongezwa, kiitikio kinarudiwa hadi watu watosheke. Kule Bombay ilibidi wimbo ukatwe uenee kwenye sahani. Basi hicho mnachokiita asili nacho kilipangwa upya, na aliyekipanga ni mashine. Naomba mnijibu hapo.

Mwana wa Fumba: Mpenda Fidla, hebu soma tena ulipoandika "tabia ya shamba". Siti katoka wapi? Si Fumba hapa kwetu? Mama yake mfinyanzi, na yeye mwenyewe alibeba vyungu kichwani akaja kuviuza huko kwenu mjini. Watu wa mji walimcheka kwa ushamba huo huo, na leo mnamlilia kama aliyezaliwa Shangani, mjini kwenyewe! Mwenye wimbo ni wa shamba, na mtunzaji akiwa wa shamba mnakunja pua.

Mpenda Fidla: Sheikh, mie sikuwatusi watu wa Fumba. Nimesema kutunza ovyo.

Mwana wa Fumba: Ovyo hukuandika. Uliandika shamba. Maandishi yako yapo hapo juu.

Bint Malindi: Jamani tusigombane. Lakini kweli kutunza kumezidi. Mtu anasimama dakika tano mbele ya watu, kazi yake kuonesha kitenge.

Mama Wete: Bibie, hapo umenigusa. Mie nilikuwepo juzi na nilitunza. Nimetoka Pemba na boti ya asubuhi kwa ajili ya usiku ule mmoja. Kutunza si kuonesha nguo. Unangoja ubeti wako. Noti umeshaikunja mara mbili, imelowa jasho kiganjani. Neno lako likitajwa unainuka polepole, huendi mbio, na mpiga fidla mwenye adabu akikuona anarudia kiitikio mpaka ufike. Unampa mwimbaji mkononi, mnatazamana macho, unarudi kukaa. Aliyekusudiwa ukumbini keshaelewa. Mazungumzo hayo, mwanangu. Ukiyatoa taarab inabaki kelele za nyuzi.

Kijana wa Michenzani: Mama umesema kweli. Na Bint Malindi, Muhogo wa Jang'ombe aliuimba Siti kabla ya Bi Kidude. Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliurithi akaupiga kwa namna yake, na hakuna aliyemwambia kauharibu.

Bint Malindi: Nakubali, nimekosea hapo. Lakini Bi Kidude alikuwa na sauti ya kuubeba wimbo. Hawa wanabebwa na spika.

Mpiga Rika: Na swali langu la dakika tatu?

Mwana wa Fumba: Sheikh ngoja kwanza huyu aombe radhi.

Mpenda Fidla: Haya, neno "shamba" nimelifuta na watu wa Fumba mniwie radhi. Lakini Mama Wete, kwa heshima zako, ubeti gani ulikuinua wakati maneno yenyewe hayasikiki?

Mama Wete: Wimbo wa Kijiti. Yule mgeni kutoka Dar, mjamzito, anachukuliwa ngomani anauliwa, muuaji anakimbilia bara, hatia inawaangukia wanawake waliofuatana naye. Ilipofika hapo kwenye hukumu nikainuka. Nina jambo langu la mahakamani la miaka mingi, na aliyenifanyia hajaulizwa mpaka leo. Neno moja halikunipita. Wewe ulikaa wapi?

Mpenda Fidla: Nyuma kabisa, ubavuni mwa spika.

Mama Wete: Njoo mbele siku nyingine, mwanangu.

Mpenda Fidla: Inshallah nitakuja. Lakini kibodi ile waipunguze, mama. Kwa hilo wallahi sirudi nyuma.