Maneno 24 ya pochi ya Bitcoin: niyachapishe au niyaandike kwa mkono?

Pwani_Kaskazini aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimenunua pochi, yaani kifaa kidogo cha kuhifadhia Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, na nilipokiwasha kilinionyesha maneno 24 ya Kiingereza ambayo nimeelezwa kuwa ndiyo yatakayonirudishia mali yangu endapo kifaa kitaharibika au kuibwa. Bado sijaweka fedha yoyote. Nimekusudia kuyaandika kwenye kompyuta, kuyapeleka stesheneri yatolewe nakala na kutiwa laminesheni, kwa kuwa nyumba yetu hapa Tanga iko karibu na bahari na karatasi zetu hushika ukungu kila masika. Nimefikiria pia kuikata karatasi hiyo vipande viwili, kimoja nibaki nacho na kingine nimkabidhi kaka yangu aliyeko Arusha. Je, utaratibu huu una kasoro?

Fundi_Mitambo alijibu:

Ni heri kwamba hujaweka fedha, kwa sababu utaratibu huo ungeyapitisha maneno yako mahali pengi mno kabla hayajafika kwenye karatasi. Kompyuta huweka nakala za muda za faili unazoandika, flashi inaweza kubaki na data hata baada ya kufutwa, faili iliyotumwa kwa WhatsApp hubaki kwenye simu ya mhudumu, na printa nyingi za ofisi zina kumbukumbu ya ndani. Mhudumu anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini kompyuta yake huchomekwa flashi za kila mteja, na hajui mwenyewe zimeacha programu gani ndani yake. Anayeyapata maneno hayo hahitaji kifaa chako, wala namba yako ya siri, wala kitambulisho. Huyaingiza kwenye pochi nyingine akiwa nchi yoyote, na muamala ukishathibitishwa hakuna benki utakayoiomba iurudishe.

Usiyapige picha pia, hata kwa muda mfupi, kwa sababu simu nyingi hupandisha picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mwezi Desemba 2013, mtangazaji Matt Miller wa televisheni ya Bloomberg aliwazawadia wenzake hati za karatasi za Bitcoin mbele ya kamera. Msimbo wa QR wa ufunguo wa siri (namba inayompa aliye nayo uwezo wa kuzihamisha sarafu) wa hati mojawapo ulionekana kwa sekunde chache tu, na mtazamaji mmoja akausoma kwenye skrini yake na kuzihamisha sarafu zenye thamani ya dola 20 za Marekani. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini ingekuwa vivyo hivyo kwa milioni.

Andika kwa mkono, ukiwa peke yako, kwa herufi kubwa zilizoachana, na kila neno ulipe namba yake kuanzia 1 hadi 24, kwa kuwa mpangilio wake ni sehemu ya ufunguo. Orodha ya kiwango cha BIP39, yaani utaratibu wa pamoja ambao pochi nyingi hutumia kutoa maneno haya, ina maneno 2048, na yalichaguliwa ili herufi nne za mwanzo zitoshe kulitambua kila moja; kwa hiyo hakikisha angalau hizo nne hazina utata wowote.

Hesabu_Kwanza alijibu:

Naomba niongeze kuhusu kukata karatasi. Kwa maneno 24, mwizi aliyepata nusu bado hawezi kubahatisha nusu iliyobaki, kwa hiyo hatari hapo ni wewe mwenyewe kuyakosa yote pindi kipande kimoja kikipotea Tanga au Arusha. Kwa wale wenye maneno 12 hali ni mbaya zaidi, maana nusu ikivuja, ulinzi hushuka kutoka biti 128 hadi takriban 62 (kila biti moja ikipungua, kazi ya kubahatisha hupungua kwa nusu), na nisingependa mali ya mtu itegemee kiasi hicho. Kugawanya kwa njia sahihi kupo: ni ule mgawanyo alioubuni mtaalamu wa usimbaji wa siri Adi Shamir mwaka 1979, ambao leo umo katika SLIP-39, kiwango kingine cha pochi, ambapo unaweza kutengeneza vipande vitatu na viwili vyovyote vikatosha, ilhali kimoja peke yake hakimwambii mwizi chochote. Angalia kama kifaa chako kinauwezesha. Kama hakiuwezeshi, weka nakala mbili kamili katika nyumba mbili tofauti, na usibuni mgawanyo wako mwenyewe.

Mtunza_Nyaraka alijibu:

Nimefanya kazi ya kutunza nyaraka mjini Zanzibar, hivyo ukungu naufahamu vyema. Karatasi ya risiti usiitumie kamwe, kwa sababu huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia. Wino wa printa za inki mara nyingi huyeyuka ukilowa. Penseli, kinyume na wengi wanavyodhani, hustahimili maji na mwanga kuliko wino mwingi, mradi karatasi isisuguliwe. Laminesheni siipendekezi: unyevu uliomo ndani hubaki humo, na mashine yenyewe kwa kawaida iko kwa mtu mwingine. Chukua karatasi nene, iweke katika bahasha iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kisha kwenye kopo la bati ambalo mchwa na panya hawalifikii. Haya yote hayasaidii nyumba ikiungua. Kiasi kikishakuwa kikubwa, gonga herufi kwenye bamba la chuma cha pua.

Pwani_Kaskazini aliandika:

Ahsanteni sana, nimeachana kabisa na stesheneri. Je, ile nywila ya ziada inayoitwa neno la 25, ambayo mtu huibuni mwenyewe na kuiongeza juu ya maneno 24, ina faida? Na mke wangu, ambaye hajui mambo haya, atafanyaje nisipokuwepo?

Fundi_Mitambo alijibu:

Faida ipo, kwa kuwa aliyeiba karatasi pekee hatafika kwenye fedha zako. Hata hivyo, ukikosea herufi moja ya nywila hiyo, kifaa hakitakuonya. Kitakufungulia pochi nyingine iliyo tupu. Na nywila ikipotea, mali nayo hufungika: Stefan Thomas, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa na Bitcoin 7,002, alipoteza karatasi yenye nywila ya kifaa alichohifadhia funguo zake, na habari hiyo ilienea dunia nzima mwaka 2021. Kwa hiyo ukiitumia, nayo iandike, uihifadhi mbali na yale maneno 24.

Kwa mkeo, andika barua ya kawaida isiyo na neno hata moja la siri, ueleze bahasha ziko wapi, ni za nini, na kwamba yeyote atakayemwomba maneno hayo kwa simu au ujumbe ni tapeli. Kisha, kabla ya kuweka fedha, nakili anwani ya kwanza ya kupokelea (mfuatano wa herufi na namba ambao kifaa hukupa ili utumiwe Bitcoin), futa kifaa chote, na ukirejeshe kwa kusoma karatasi yako peke yake. Anwani ikirudi ileile, weka kiasi kidogo kwanza, na nakala ya pili ujaribu vivyo hivyo kabla haijasafiri kwenda Arusha.