Mrejesho: Safari yetu ya kwanza ya Ulaya, tumerudi salama

Ndugu zangu, niliuliza kama familia ya watu 4 inaweza kuzunguka London, Paris, Amsterdam na Roma kwa siku 12. Wengi mkasema nipunguze miji. Asanteni sana, mlikuwa sahihi.

Tulibaki na Paris na Amsterdam. London tuliiacha kwa sababu Uingereza haimo kwenye Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), ingebidi tuombe viza nyingine kwa wote wanne. Maombi tuliyapeleka Ufaransa, ndiko tulikopanga kulala siku nyingi zaidi. Bima ya safari inatakiwa iwe na kinga isiyopungua euro 30,000 kwa kila mtu, mtoto naye akiwemo.

Louvre, lile jumba la makumbusho la Paris, watoto wa chini ya miaka 18 wanaingia bure, ila Jumanne hufungwa. Sisi tulikuwa tumeipangia hiyohiyo Jumanne! Aliyenishtua mapema, Mungu akubariki.

Treni ya Paris hadi Amsterdam huchukua saa 3 na ushee, na wanangu hawakubanduka dirishani. Kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa siku tamu kuliko zote, hata Mnara wa Eiffel haukuifikia.

Kilichoniuma ni nyumba ya Anne Frank kule Amsterdam, yule msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwa amejificha humo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Tiketi zinauzwa mtandaoni tu, hutolewa kila Jumanne kwa ajili ya wiki 6 mbele, nami nilizitafuta zikiwa zimebaki siku 4. Kosa ni langu. Binti yangu mkubwa alisimama nje akiutazama ule mlango, hakusema neno. Mwenye safari mbele yake, anzeni na hizo kabla ya hoteli.