Tupeane uzoefu: Muziki ulikusaidiaje kabla ya upasuaji, wakati wa upasuaji au baada yake?

Mtoto wa Mbagala: Ndugu zangu, jana nilikuwa kwenye daladala, dereva akafungulia rumba ya zamani, ile yenye magitaa matatu yanayofukuzana, na kabla sijafikiri lolote mkono wangu ulikuwa umeshashika kovu la ngiri. Wimbo huo ndio niliousikiliza mwaka 2019 nikiwa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, nimevaa gauni la kijani, sijatia kitu tumboni tangu usiku, na moyo ukinipasuka kila nilipoyasikia magurudumu ya kitanda. Muuguzi aliniruhusu kubaki na simu mpaka nilipoitwa. Nililifuata gitaa la besi peke yake, na kila liliponipotea nililitafuta upya, hata hofu ikakosa mahali pa kukaa. Sasa mama yangu mzazi anaondolewa uvimbe kwenye kizazi wiki ijayo, na mikono yake hutetemeka kila tarehe inapotajwa. Mlisikiliza nini, wakati gani, na je, kilisaidia?

Binti Chumbageni: Kwangu ilikuwa kwaya. Nakubaliana nawe kabisa.

Fundi Seremala: Mwaka 2021, baada ya ajali ya bodaboda, niliwekewa chuma kwenye paja. Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo sikuhisi maumivu, lakini nilikuwa macho, nami nikaisikia keekee ikiingia kwenye mfupa wangu, kisha nyundo. Wengine wangesikia kelele tu, ila mtu wa kazi yangu hujua kwa sauti peke yake msumari umefika wapi na umebaki kiasi gani, na sikuweza kujizuia kuhesabu. Daktari wa usingizi aliyaona machozi yangu, akaniuliza napenda nini, akanivalisha visikizi vyake mwenyewe na kunifungulia taarabu. Mtikisiko wa nyundo ulibaki mwilini, lakini masikio yalikuwa yangu tena. Hata hivyo, naomba mjue gharama yake: wimbo ule siwezi kuusikiliza hadi leo, kwa sababu unapoanza tu nasikia harufu ya mfupa uliotobolewa. Mama asichague wimbo anaoupenda kuliko yote. Achague wa pili.

Binti Chumbageni: Kaka Fundi, hapo tunatofautiana. Wimbo ninaoupenda kuliko yote ndio pekee ulioweza kunishika.

Mpwani: Mimi nilisikiliza Surat Yasin usiku kucha kabla ya kutolewa mawe ya figo, na asubuhi pumzi zangu zilikuwa zimetulia kiasi kwamba muuguzi alinipima shinikizo la damu mara mbili, asiamini. Mama asomewe.

Mlinzi wa Zamu: Ndugu, mada ni muziki.

Mpwani: Sikuuita muziki, na nakuomba nawe usiuite hivyo. Nimesema kilichoniingia masikioni na kunituliza.

Mtoto wa Mbagala: Ndugu zangu wawili, tafadhali. Yote nayapokea; mama atachagua mwenyewe.

Mama Pacha: Nimesita siku mbili kabla ya kuandika hapa, kwa sababu mimi muziki uliniumiza. Nilikuwa nikijifungua kwa upasuaji kwa mara ya pili. Walinipima ganzi kwa pamba yenye spiriti, sikuhisi ubaridi, wakaanza. Chumbani mlikuwa na redio iliyofunguliwa kwa sauti kubwa, nyimbo za vijana, nami mwanzoni niliifurahia kwa sababu ilifunika mlio wa vyuma. Pacha walitoka salama. Lakini makovu ya upasuaji wa kwanza yalikuwa yameshikana ndani, kazi ikachukua muda mrefu kuliko walivyotarajia, na ganzi ikaanza kuisha wakati bado wananishona. Kwanza nilihisi kuvutwa, kisha nikahisi sindano. Nilisema, "Nasikia maumivu." Hakuna aliyegeuka. Nilisema tena, na sauti yangu ikaangukia katikati ya kiitikio. Daktari wa usingizi alikuwa ameinama akimsaidia pacha wa pili aliyechelewa kulia, na mimi sikutaka kumwondoa kwa mwanangu, kwa hiyo nikanyamaza na kuuma midomo. Aliyeokoa jahazi ni msichana wa usafi aliyekuwa mlangoni. Aliuona uso wangu, akavuka chumba bila kuomba ruhusa na kuizima redio. Katika kimya kile kila mtu alinisikia. Nililazwa kwa nusu kaputi ndani ya muda mfupi.

Binti Chumbageni: Dada yangu, pole sana. Pole sana.

Fundi Seremala: Mwenyezi Mungu ambariki msichana huyo popote alipo.

Mlinzi wa Zamu: Redio zipigwe marufuku katika vyumba vya upasuaji. Mtu amelala tumbo wazi, wao wanasikiliza nyimbo!

Muuguzi wa Usingizi: Nimefanya kazi ya usingizi miaka 17 na nasema kwa heshima: lililomtokea Dada Mama Pacha ni kosa, na halina utetezi. Lakini tusikifukuze kitu chenye faida. Mwaka 1914 daktari mmoja wa Pennsylvania, Evan Kane, aliandika katika jarida la madaktari wa Marekani akiisifu gramafoni katika chumba cha upasuaji, na aliyekuwa akimfikiria ni mgonjwa mwenye hofu. Mwaka 2015 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 73 yaliyohusisha wagonjwa karibu 7,000: waliosikilizishwa muziki walikuwa na maumivu na wasiwasi pungufu, na walitumia dawa chache zaidi za maumivu, ingawa hawakuruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi. Ulisaidia kabla, wakati na baada ya upasuaji, hata kwa waliokuwa wamelazwa usingizi kabisa. Huo ni muziki wa mgonjwa. Redio ya wafanyakazi ni jambo jingine, na orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, inayotutaka tusimame kabla ya ganzi, kabla ya kukata na kabla ya mgonjwa kutolewa, haina maana yoyote ikiwa hatusikilizani.

Mlinzi wa Zamu: Nimekuelewa, muuguzi. Hasira zilinipanda kwa sababu mke wangu naye anajifungua mwezi ujao.

Muuguzi wa Usingizi: Basi mwambie mapema atakayemchoma ganzi. Na mama wa mleta mada asiache dawa ya maumivu kwa sababu ana nyimbo. Muziki hukaa kando ya dawa.

Mpwani: Sikio moja au yote mawili?

Fundi Seremala: Yote mawili. La sivyo nyundo itapenya.

Mama Pacha: Moja. Nilirudi chumba kile kile baada ya miaka mitatu kwa ajili ya mtoto wa mwisho. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimwomba daktari wa usingizi mambo mawili: redio izimwe, na mimi niruhusiwe kusikiliza qasida za marehemu bibi, ambazo mjomba alizirekodi kwenye simu kabla hajafariki. Hakubishana nami. Bibi alikuwa kwenye sikio la kushoto, na kila baada ya dakika chache daktari aliniinamia upande wa kulia akaniuliza, "Mama, unahisi nini sasa?" Mtoto alipolia, nilimsikia kwa sikio lililokuwa wazi.

Mtoto wa Mbagala: Dada, nitamsomea mama maneno yako leo usiku. Visikizi walivikubali bila shida?

Mama Pacha: Walivifuta kwa spiriti, wakaniambia visiwe na waya.

Mtoto wa Mbagala: Nakwenda kuvinunua kesho. Yeye anataka ngoma za kwao Newala.